Kuni Kavu za Theta

Mwanamke wa Theta anayejua kazi yake hanunui kuni kwa macho. Huchukua vipande viwili akavigonganisha. Vikitoa mlio mkali, analipa. Vikitoa kishindo kizito kama cha gunia linaloangushwa, anavirudisha kwenye rundo. Kisha hutazama ncha: kuni iliyokauka ina nyufa zinazoanzia kwenye kiini na kutawanyika hadi ukingoni, na ganda lake hubanduka kwa kucha. Maarifa haya ni makongwe kuliko reli ya Thika, nayo yamebeba historia nzima ya moto wa nyumbani katika sehemu hii ya Kiambu.

Theta iko kati ya Ruiru na Thika, upande wa Juja, na imepewa jina la mto unaoteremka kutoka misitu ya Aberdare, ambao maji yake huishia Mto Athi. Hapa ndipo matuta ya Kiambu yanapokwisha na uwanda kuanza. Juu kuna udongo mwekundu na miti. Chini kuna udongo mweusi unaonata mvua inaponyesha na kupasuka jua linapowaka, na nyasi nyingi kuliko miti. Kwa hiyo kuni za huku chini tangu zamani ni kitu cha kutafutwa, kubebwa na kuhesabiwa. Mtu wa Kieni, aliye ukingoni mwa msitu, huenda asiielewe vizuri tabia ya watu wa Theta ya kuchomoa kuni iliyobaki pindi chungu kinapoiva, kuizima kwenye majivu na kuiweka kando ingoje kesho.

Katika boma la Wagikuyu, kabla ya mashamba ya walowezi, mwanamume alikuwa na nyumba yake iitwayo thingira na kila mke alikuwa na nyumba yake. Moto wa kupikia ulikuwa katika nyumba ya mke, katikati, juu ya mafiga matatu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, anaeleza kwamba nyumba ilitakiwa ijengwe na kuhamiwa siku hiyo hiyo, na kwamba kuwasha moto humo kulikuwa na taratibu zake. Nyumba isiyo na moto haikuwa nyumba bado.

Juu ya mafiga palikuwa na itara, dari ndogo ya fito iliyoning'inia ndani ya moshi. Hapo ndipo kuni zilipopangwa. Mama alirudi na mzigo mgongoni, ukanda wa ngozi uitwao mukwa ukiwa umekaza kwenye paji la uso, na wanawake wengi walizeeka na alama ya ukanda huo kichwani. Mzigo huo haukutiwa motoni siku hiyo. Ulipandishwa itara, na zilizotangulia ndizo zilizoshushwa. Moto wa leo uliikausha kuni ya wiki ijayo. Itara ni uvumbuzi mkubwa kuliko unavyosifiwa, maana mti mbichi unaweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake, na kila tone la maji hayo hula joto kabla chungu hakijapata chochote. Kuni mbichi hutoa povu kwenye ncha, hufuka, hulia kama inanung'unika, na moshi wake ni mzito kwa sababu gesi za mti zinatoka bila kuungua.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria zake za usalama, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Moto ulikaa mbali na ukuta. Usiku makaa yalifunikwa kwa majivu, yasirushe cheche kwenye nyasi za paa, na asubuhi yalifukuliwa yakiwa hai bado. Watoto walijua upande wa kukaa. Ila madhara yalikuwepo, na ni lazima yasemwe: hapakuwa na dirisha wala dohani, moshi ulipenya polepole kwenye nyasi za paa. Moshi huo uliwafukuza wadudu na kuihifadhi miti ya paa. Uliingia pia machoni na kifuani mwa mama na mtoto aliyembeba, kila siku, miaka yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na moto wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Itara ilipunguza moshi, haikuuondoa.

Kisha wakaja wenye hati za ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa la Juja, na Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1909 alikuwa mgeni wake. Reli ya tawi ilifika Thika mwaka 1913. Kahawa ikapandwa kwenye udongo mwekundu, mkonge kwenye ukavu, na watu wakaajiriwa kutoka Murang'a, Ukambani na mbali zaidi.

Katika mashamba hayo palizuka majiko mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza lilikuwa la bwana: chumba kilichojengwa nyuma, mbali na nyumba kubwa, chenye jiko la chuma la aina ya Dover, lenye mlango wa kuni, tanuri na bomba la kupitisha moshi juu ya paa. Maji ya kuoga yalichemshwa nje, kwenye pipa lililojengewa matofali juu ya moto, na mafundi wa Kenya hadi leo huunda mitambo ya namna hiyo kwa jina la kuni busta. Mpishi aliyelitunza jiko la bwana alikuwa Mwafrika. Yeye ndiye aliyejua kwamba majivu yakijaa hadi kwenye wavu, hewa hukosa njia na moto hufa. Alijua kwamba bomba lisilosuguliwa hujenga ndani yake utando mweusi unaonata kama lami, na kwamba utando huo ukishika moto bomba hunguruma na kuwa jekundu. Alijua kuwa pipa la maji lazima liwe na tundu la kupumulia mvuke, na kwamba moto hauwashwi kabla ya kuhakikisha pipa lina maji.

La pili lilikuwa la mpishi huyo huyo akirudi kwake jioni, kwenye laini za wafanyakazi. Chumba kimoja, mafiga matatu au kopo la bati, watoto, kitanda na moto pamoja. Itara haikuwepo, kwa kuwa paa la bati la chumba hicho halikujengwa na mwenye kulala ndani yake. Mwandishi anayetafuta mahali ambapo maarifa ya moto yalianza kukatika asiende mbali, aanzie hapo. Chombo kizuri kilibaki kwa tajiri, ujuzi wa kukitunza ukabaki kwa mfanyakazi, na viwili hivyo havikuruhusiwa kukutana nyumbani kwake.

Umeme nao ulipita juu ya vichwa. Kituo cha Ndula, kwenye Mto Thika, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1925. Nguvu ya mto wa nyumbani ilikwenda kuwasha taa za mji huku laini za jirani zikiendelea kutafuta vijiti.

Kilichowaokoa watu wa laini kilikuwa ni kahawa yenyewe. Mibuni hukatwa matawi kila mwaka, na baada ya miaka kadhaa mashina yaliyozeeka hukatwa ili machipukizi mapya yachukue nafasi. Mti wa mbuni ni mgumu, mzito, huungua taratibu na kuacha makaa mazuri. Kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Ruiru mwaka 1944, na mwaka 1985 kikatoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, inayostahimili magonjwa. Dunia ya kahawa inaijua Ruiru kwa mbegu hiyo. Jikoni mwa wavunaji, kahawa ilijulikana pia kwa shina lake. Pembeni mwa mashamba palikuwa na mgrevilea kutoka Australia, ambao wenyeji huuita mukima au mubariti, uliopandwa kwa kivuli na kupunguzwa matawi kwa kuni. Kutoka Australia pia ulikuja muthanduku, mti wa muwati, ambao ganda lake liliuzwa kwa ajili ya kusindika ngozi na mti uliobaki ukawa kuni au makaa.

Pigo lililofuata lilikuwa la vita vya kudai ardhi na uhuru. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wagikuyu zaidi ya milioni moja kutoka maboma yao hadi vijiji vilivyozungukwa na handaki na ua wa miti iliyochongwa. Wanawake walitoka kwa saa chache, chini ya ulinzi, kutafuta chakula, maji na kuni. Atakayepewa saa moja ya kuokota hachagui. Anabeba kilicho karibu, kibichi au kikavu. Ndani ya vibanda vilivyojengwa kwa haraka na kubanana, mpango wa zamani wa nyumba, pamoja na itara yake, haukuwa na nafasi. Watu waliporudi kwenye mashamba baada ya ardhi kupimwa upya, wengi walijenga nyumba za pembe nne zenye jiko la kando. Jiko likatoka katikati ya nyumba, na halijarudi.

Mjini Thika na Ruiru, wakati huo, makaa yalikuwa yanashinda. Jiko la bati la mviringo linasemekana kuletwa na mafundi na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Lilikuwa jepesi na rahisi kuundwa kutokana na mabati chakavu, lakini joto lake lilitawanyika ubavuni na kuunguza magoti ya watoto. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, na katika miaka iliyofuata likazaliwa jiko ambalo Wakenya wengi wanalijua bila kujua kisa chake. Max Kinyanjui na wenzake, pamoja na shirika la KENGO, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulifanya la Kenya: bati lenye kiuno chembamba nje, chungu cha udongo uliochomwa ndani. Mafundi wa jua kali wakalishika, likaenea bila kusukumwa sana. Hupunguza makaa kwa kati ya theluthi moja na nusu.

Kwa wenye kuni lilikuja jiko la Maendeleo, lililosambazwa na Wizara ya Nishati, chama cha Maendeleo ya Wanawake na shirika la Kijerumani la GTZ katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Ni chungu kisicho na bati, kinachozikwa kwenye tope na mawe jikoni. Fundi mzuri husema lisiwashwe hadi tope likauke kabisa, na moto wa kwanza uwe mdogo. Wenye haraka hupasua chungu siku ya kwanza na kulaumu udongo.

Halafu hadithi ikarudi nyumbani kabisa. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Larry Winiarski alibuni umbo la kiwiko: kuni huingia mlangoni kwa ulalo, moto hupanda kwenye tundu jembamba lililozuiwa joto lisitoroke, na moshi huungua kabla haujatoka. Mwaka 2014 kampuni ya BURN ilifungua kiwanda Ruiru, kikaanza kutoa majiko ya makaa ya Jikokoa na baadaye ya kuni, Kuniokoa, yanayofuata wazo hilo la kiwiko. Mji ulioishi kwa kahawa ukawa mji wa kuunda majiko.

Jiko la kiwiko lina kibao cha chuma mlangoni. Kuni hukaa juu yake, hewa hupita chini yake. Ndicho kipande cha kwanza kupotea. Kikishapotea, kuni hulala sakafuni mwa tundu, hewa hukosa njia, moshi hurudi, na mwenye jiko husema limezeeka. Wengine huujaza mlango wote kwa kuni nene, wakitarajia moto mkubwa, wakapata masizi. Vijiti vitatu au vinne vya unene wa kidole gumba, vilivyokauka, hufanya kazi kubwa zaidi. Majivu hutolewa kabla ya kuwasha, yakawekwa kwenye kopo la chuma mbali na ua, kwa sababu kaa lililojificha ndani yake huishi hadi kesho yake, na katika vibanda vya bati na mbao kama vya mtaa wa Kiandutu, Thika, kaa moja linatosha.

Hatari ya makaa ndiyo isiyosameheka. Baridi ya Juni na Julai inaposhuka Kiambu, watu huingiza jiko chumbani ili kupata joto, wakafunga dirisha na kulala. Makaa yaliyokolea hayana moshi, na kwa hiyo huaminiwa. Hewa yao ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Nyanya aliyelala karibu na mafiga alikuwa na paa la nyasi linalopumua. Mjukuu ana dari, saruji na dirisha lililofungwa.

Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012, na mibuni mingi kati ya Ruiru na Juja imeng'olewa kupisha ploti na majengo. Mashina yake yaliunguzwa, na hayatachipuka tena. Gesi iko katika nyumba nyingi za Theta, kwa chai ya asubuhi na mayai. Lakini githeri huhitaji saa kadhaa za kuchemka, na mtungi wa gesi hautoshi kwa kazi hiyo bila mfuko kulia. Kwa hiyo nyuma ya nyumba za mawe kuna vibanda vya bati vilivyo wazi upande mmoja. Humo mna jiko, kibao chake kikiwa mahali pake, sufuria nyeusi, na juu yake, kwenye fito mbili zilizofungwa kwa waya kati ya nguzo, kuni za mgrevilea zimepangwa zikauke kwa joto la moto wa leo.