Ploti Ina Deni la Rates na Mnada Unanukia? Soma Hii Kabla Utoe Doo

Hii story unaijua. Broker wa mtaa anakushow kuna mzee anauza ploti bei ya kutupa juu kaunti inamdai rates za miaka na miaka, na ameskia mnada unakuja. "Wahi kabla wengine wajue." Dili kama hizi zipo, na ni halali: mpaka mnada ufanyike, mwenye ploti bado ni mwenyewe, na anaweza kukuuzia bora hakuna amri ya korti inayomzuia. Lakini hapa pia ndipo wasee huchomeka. Cheki hii form kwanza.

1. Madeni ni mawili, usichanganye

Land rates hulipwa kaunti kila mwaka. Land rent ni ya serikali kuu, na inahusu ploti za lizi pekee. Mzee anaweza kukuonyesha risiti za moja akanyamazia ingine. Uliza zote mbili. Nairobi, rates unaziangalia kwa NairobiPay ukiwa na namba ya ploti.

2. Search safi haimaanishi hakuna deni

Hapa ndio wengi huanguka. Unafanya search kwa Ardhisasa, inakuja bila charge, bila caution, unaruka juu. Pole. Kulingana na sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, rates ambazo hazijalipwa zinafuata ardhi hata kama hazijaandikwa kwa rejista. Ukinunua ploti, umenunua na deni lake.

Search ikionyesha charge ya benki, hiyo ni story ingine. Bila benki kukubali, hakuna transfer.

3. Anayeuza ni mwenyewe kweli?

Ploti nyingi zenye rates za miaka mingi ziko kwa jina la guka aliyekufa kitambo. Watoto hawakuelewana, hakuna aliyelipa. Sasa mmoja anataka kuuza chapchap. Kama korti haijathibitisha urithi, hana cha kukuuzia, hata akishika title mkononi. Utalipa, halafu mashangazi wakutoe kwa korti.

Na kama muuzaji ameoa ama ameolewa na hapo ndio boma, lazima mwenzake akubali kwa maandishi.

4. Doo ipitie wapi

Usimpe mzee pesa yote ati "ataenda kulipa kaunti." Piga hesabu hivi: mmekubaliana milioni 3, rates ni 420,000 na land rent ni 60,000. Hiyo 480,000 ilipwe moja kwa moja kwa kaunti na serikali, risiti zije na jina la ploti. Mzee anabaki na 2,520,000. Hii yote iandikwe kwa agreement, isainiwe na ishuhudiwe, juu mkataba wa ardhi wa mdomo hausimami kortini. Pesa ikae kwa wakili mpaka makaratasi yaive.

Bila cheti cha kuonyesha rates zimelipwa, transfer haiendi. Hapo weka pia stamp duty, 4% kwa ploti za tao na 2% za mashambani, na hiyo ni ya mnunuzi. Muuzaji naye ana kodi ya faida, 15% tangu Januari 2023. Mwambie mapema, asikuje kuomba uongeze.

5. Kabla mbargain, ulizeni msamaha

Kaunti hutoa msamaha wa riba na faini mara kwa mara. Wakati mwingine deni kubwa ni faini tupu, na ikitolewa mzee anaweza kulipa kwa awamu na abaki na ploti yake.

Najua unajiuliza mbona umwambie. Mtu aliyeuza kwa hofu bila kujua haki zake ndiye anarudi na wakili baada ya mwaka. Mtu aliyejua kila kitu, akapata bei ya maana na akasaini akiwa na watoto wake kando, harudi. Mwambie atafute wakili wake, si wako.

Na broker akikuambia hakuna time ya search, hiyo ndio search yako. Toka hapo.