Gati na Reli ya Mtwara
Wahandisi wageni waliofika Mtwara, kaskazini ya mlango wa mto Ruvuma, baada ya mwaka 1947, waliletwa na karanga. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta. Ikahitaji reli ya kutoka Nachingwea, yaliko mashamba, na ghuba yenye kina kupita Mikindani, bandari ya kale. Mwaka 1951 mpango uliachwa, lakini ujenzi uliendelea, na gati likafunguliwa mwaka 1954. Reli ilikosa mizigo. Ilifungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Gati likabaki, likapakia korosho za wakulima ambao mpango ule haukuwakusudia. Hivyo kazi ya mjenzi haipimwi kwa nia ya aliyemwajiri tu, bali kwa haja ya wenyeji waliobaki nayo.