Dosha: nadharia ya usawa wa mwili, ikitazamwa kutoka Baraka

Katika Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi, dosha ni nguvu tatu zinazoendesha mwili. Vata, yenye asili ya upepo, husukuma kila kinachotembea ndani ya mtu, kuanzia pumzi hadi choo. Pitta ni ya moto: huyeyusha chakula na kutia mwili joto. Kapha ni ya maji na udongo, nayo hushikamanisha viungo na kuvilainisha. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake, na maradhi huanza dosha moja inapozidi kipimo kwa sababu ya chakula, majira, umri au mahangaiko ya moyo.

Vata ikizidi, ngozi hukauka, tumbo hujaa gesi na usingizi hukatika. Pitta huleta kiungulia, vipele na hasira. Kapha huleta makohozi na uzito. Mganga hushika mshipa wa mkono, hutazama ulimi, kisha hutoa kinyume cha kilichozidi. Mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, anayekula ndagala kwa pilipili kali huku kifua kikimuwaka angeambiwa apunguze pilipili, na daktari wa leo asingebisha. Dawa zenyewe ndizo za kuangaliwa: mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, Marekani, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Dosha si jadi ya Wabembe wa Fizi. Katika dunia ya Kiswahili, iliyo karibu nayo zaidi ni tiba ya pwani iliyotokana na Wayunani na kupita mikononi mwa Ibn Sina, yenye damu, balghamu na nyongo mbili, na vyakula vinavyogawanywa kuwa vya joto na vya baridi. Bibi anayemkataza mzazi maji baridi anafuata mantiki hiyo.

Mantiki hii hufikia ukomo wake kwenye kipindupindu, na hilo Baraka inalijua kwa uchungu. Mji huu wa Fizi uko kwenye Ghuba ya Burton, mkabala na rasi ya Ubwari, katika ukanda wa Ziwa Tanganyika ambamo kolera hurudi tena na tena, kuanzia Uvira hadi Kalemie. Watu huchota maji ya ziwa, wavuvi na wachuuzi husafiri kutoka mwalo hadi mwalo, na vita vimewarundika wakimbizi pasipo vyoo vya kutosha. Kwa miaka mingi shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitibu wagonjwa hapo.

Vitabu vya kale vya Ayurveda vinautaja ugonjwa wa kutapika na kuhara uitwao visuchika, vikiulaumu mmeng'enyo mbovu na vata iliyovurugika. Waliouona waliueleza vizuri, chanzo hawakukiona. Mwaka 1884 Robert Koch alithibitisha huko Calcutta, India, kwamba chanzo cha kipindupindu ni bakteria. Mwaka 1959, katika mji huohuo, Sambhu Nath De alionyesha kuwa bakteria huyo hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis, akihudumia wakimbizi wa vita vya Bangladesh kule Bangaon, aliishiwa maji ya mshipani, akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100. Kwangu mimi, huu ndio mchango mkubwa wa Bara Hindi kwa watu wa mwambao wa Tanganyika, kuliko dosha zote tatu.

Pasipo pakiti tayari ya mchanganyiko huo wa chumvi na sukari, huchanganywa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo tangu choo cha kwanza cha majimaji, akiwa njiani kwenda hospitali, na mtoto aendelee kunyonya. Kolera kali huua kwa saa chache. Aliyelegea hata hawezi kunywa anahitaji serumu ya mshipani mara moja.