Maji Baridi na Maji ya Moto: Majina ya Kimaasai Magharibi ya Nairobi

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, mji ulichukua jina hilo, na wengi wa wakazi wake hawakuuliza maana. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba jina hilo ni moja tu katika mfululizo wa majina yaielezayo nchi ya volkano, kuanzia katikati ya jiji hadi Bonde la Ufa.

Mawe ya kijivu yaliyotumika kujenga nyumba nyingi za Nairobi ni majivu ya volkano yaliyogandamana zamani. Msafiri apitaye Karen kuelekea magharibi auona mgongo wa milima ya Ngong, mabaki ya volkano iliyokwisha kufa. Jina hilo huelezwa kuwa ni enkong'u e muny, jicho la kifaru, na jicho hapa ni chemchemi. Waswahili nao husema jicho la maji. Ulinganifu huu wastahili kuangaliwa na wanaisimu.

Ng'ambo ya milima hiyo, kaskazini-magharibi ndani ya Bonde, uko Longonot, volkano iliyolala yenye kimo cha meta 2,776. Jina lake huelezwa kuwa ni mlima wa matuta mengi, na mbavu zake zilizochimbwa na mvua zathibitisha hayo. Jirani yake ni Olkaria, jina la udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Mvuke utokao ardhini huweza kugeuza miamba kuwa udongo wa namna hiyo. Visima vya kutafuta mvuke huo vilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme.

Lakini wenye majina hawakuachwa mahali pao. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai wa Bondeni walihamishiwa Laikipia. Kwa ule wa 1911 wakaondolewa huko pia. Na mwaka 2014 jamaa kadhaa walihamishwa ili kupisha mitambo ya Olkaria.

Kiswahili kimejipatia neno jotoardhi, nalo ni neno zuri. Hata hivyo, hapana budi vitabu vyetu vya shule viyaandike pia majina haya pamoja na maana zake, kama wazee wanavyozieleza, wangali hai wa kuulizwa.