Kujisaidia au kusaidiana? Safari ya kitabu kimoja miongoni mwa watu wasiojuana

Mwaka 1942 mwongozaji filamu Mfaransa Julien Duvivier, ambaye vita vilikuwa vimemkimbiza hadi Marekani, alitoa filamu iitwayo Tales of Manhattan. Humo koti moja la sherehe lapita mikononi mwa watu wasiojuana kabisa, kutoka kwa mwigizaji maarufu wa jukwaani hadi kwa wakulima Weusi mafukara. Kila mmoja adhani kisa ni chake peke yake. Anayeuona uzi unaowaunganisha ni mtazamaji tu. Mwanahistoria wa vitabu naye huketi mahali pa mtazamaji huyo. Katika makala haya tunakusudia kulifuata, badala ya koti, kitabu kimoja: Self-Help cha Samuel Smiles, kilichotolewa London na John Murray mnamo Novemba 1859, na ambacho jina lake ndilo lililokuja kubandikwa juu ya aina nzima ya vitabu vinavyomfundisha mtu namna ya kufanikiwa.

Smiles alizaliwa mwaka 1812 katika mji wa Haddington, Uskoti. Alisomea uganga, akaacha dawa, akawa mhariri wa gazeti mjini Leeds, kisha katibu wa kampuni ya reli. Lakini asili ya kitabu haimo katika maisha yake. Imo katika kundi la vijana ambao majina yao historia haikuyahifadhi. Yeye mwenyewe aeleza katika utangulizi wake kwamba vijana wawili watatu wa Leeds, watu wa kazi ya mikono, waliamua kukutana nyakati za jioni za baridi ili kufundishana. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Aliyejua hesabu aligawa hesabu. Nyumba ya mmoja wao ikawa ndogo. Siku za joto wakahamia bustanini. Hatimaye, wakiwa karibu mia moja, wakapanga chumba kilichokuwa kimetumika kulaza wagonjwa wa kipindupindu, chumba ambacho hapana mtu mwingine aliyekitaka. Hapo ndipo walipomwalika Smiles, mwaka 1845, aje kusema nao. Hotuba alizowapa ndizo zilizogeuka kuwa kitabu.

Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha hoja yetu. Kitabu chasema kwamba mtu huinuka kwa bidii yake mwenyewe. Kimejaa visa vya mafundi, wavumbuzi na wafinyanzi walioteseka peke yao hadi wakashinda. Walakini watu waliokizaa hawakuwa peke yao hata siku moja. Walikuwa chama. Walichangiana kodi ya chumba na walichangiana elimu.

Mchapishaji wa kwanza aliyeletewa mswada, yaani Routledge, aliukataa mwaka 1855. Miaka minne baadaye Murray aliuchapa, na katika mwaka wa kwanza peke yake nakala 20,000 ziliuzwa. Smiles alipofariki mwaka 1904 idadi ilikuwa imekaribia robo milioni nchini Uingereza. Hayo ni mengi, ila si ya ajabu kuliko yaliyotokea Japani.

Mwaka 1866 serikali ya shogun ilimtuma London mtaalamu wa falsafa ya Confucius aitwaye Nakamura Masanao, awasimamie wanafunzi wa Kijapani. Kabla hajamaliza kazi, serikali iliyomtuma ilianguka. Aliporudi mwaka 1868 alikuwa mtumishi wa dola isiyokuwapo tena. Alipoondoka London rafiki yake Mwingereza alimpa nakala ya Self-Help, naye akaisoma melini. Aliwafuata mabwana wake walioshindwa hadi Shizuoka, na huko akakitafsiri kitabu chote; tafsiri ilitoka mwaka 1871. Katika utangulizi wake amsimulia mgeni anayemwuliza kwa nini hatafsiri vitabu vya vita, maana nguvu za Wazungu ziko katika silaha. Jibu la Nakamura ni kwamba nguvu hizo zatokana na tabia ya watu wenyewe, silaha ni matokeo tu. Wasomaji wake wa kwanza wengi walikuwa vijana wa tabaka la samurai, ambao cheo na posho ya wazee wao vilikuwa vikiwatoka mikononi. Tusisahau hali hiyo tunaposikia kwamba hadi mwisho wa enzi ya Meiji, mwaka 1912, nakala zilizouzwa zakadiriwa kufikia milioni moja.

Kwa mwanaisimu, lililo tamu zaidi ni jina. Nakamura alikiita kitabu Saigoku risshi hen, yaani takriban “Visa vya watu wa nchi za Magharibi waliosimamisha nia”. Jina la asili, alilolitafsiri neno kwa neno, aliliweka pembeni kama maelezo. Nafsi imeondoka mbele. Nia imechukua mahali pake. Na neno hilo risshi halikubaki kitabuni: mwaka 1874, huko Kochi, Itagaki Taisuke na wenzake waliunda chama wakakiita Risshisha. Kilianza kwa kuwasaidia samurai waliopoteza riziki na kuwafungulia shule, kikaishia kuwa kitovu cha harakati za kudai bunge. Kumbe neno lililotoka katika kitabu cha mtu mmoja mmoja limerudi kuwa jina la kundi la watu wanaobebana.

Kwa Waarabu tutapita haraka. Mwaka 1880 Ya‘qub Sarruf, mwalimu wa chuo cha Wamarekani mjini Beirut na mmoja wa waanzilishi wa jarida al-Muqtataf, alitoa tafsiri yake kwa jina la Sirr al-najah, “Siri ya mafanikio”. Hapa nafsi haionekani tena, wala nia, limebaki tunda. Pana kisa, alichokisimulia Smiles mwenyewe, cha mgeni aliyeona maandishi yamepamba kuta za kasri la mtawala wa Misri, akadhani yote ni aya za Kurani, akaambiwa kwamba mengine yametoka kwa “Smeelis”. Msomaji atakipa kisa hicho uzito anaoutaka.

Je, Kiswahili kingekiitaje? Swali si la mzaha, ingawa laanza na kicheko. Kujisaidia, tafsiri iliyo karibu kabisa, katika Kiswahili cha mashariki ni tasfida ya kwenda haja. Hakuna mchapishaji atakayethubutu kuliweka juu ya jalada. Kujitegemea lina historia yake: tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lamaanisha kwanza taifa, si mtu. Nasi Wakongomani tunacho “kifungu cha 15”, kinachonasibishwa na katiba ya Kasai ya Kusini ya miaka ya mwanzo ya uhuru, kinachomwambia raia atafute njia yake mwenyewe. Lakini humo mna uchungu wa mtu aliyeachwa na dola, jambo ambalo Smiles hakulikusudia.

Tatizo, kwa maoni yetu, lipo katika mofolojia. Kitenzi -saidia chaweza kupokea kiambishi -ji-, kikamrudishia mtenda tendo lake. Chaweza pia kupokea kauli ya kutendana, tukapata kusaidiana. Msemaji wa Kiswahili analazimika kuchagua mapema. Vijana wa Leeds, katika chumba chao cha kipindupindu, walikuwa wakisaidiana. Mwandishi wao akachagua neno la upande wa -ji-. Wala halikumpita hivihivi. Katika dibaji ya toleo la mwaka 1866 alilalamika kwamba jina la kitabu limeleta balaa, kwa kuwa waliokihukumu kwa jina tu wamedhani ni sifa za ubinafsi, ilhali kwake wajibu wa kujisaidia unabeba ndani yake wajibu wa kumsaidia jirani. Akaongeza kwamba muda wa kulibadili umekwisha kupita. Mwaka huohuo Nakamura alipanda meli kwenda London.