Ati mvinyo wa California hautadumu? Ilichukua miaka 30 kujibu

Wasee, kuna kesi ya mvinyo huwa naipenda sana, na si kwa sababu ya pombe.

Mei 24, 1976, Paris. Steven Spurrier, Mwingereza mwenye duka la mvinyo mjini humo, anaita majaji 9, wote Wafaransa na wote wataalamu. Wanaonja bila kuona majina. Nani angebeti na California? Lakini kwenye mvinyo mwekundu, Stag's Leap ya 1973 inatoka namba moja, mbele ya Mouton-Rothschild ya 1970. Kwenye mweupe pia California inashinda, kupitia Chateau Montelena.

Utetezi ukaja mbio: sawa, mmeshinda leo, lakini Bordeaux hutengenezwa ingoje miaka. Hiyo yenu ikizeeka itaanguka.

Na hiyo si hoja ya kijinga. Mvinyo mwekundu ukiwa mchanga huwa na tanini, ile kitu ya maganda na mbegu za zabibu inayokukaza ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Ukikaa chupani, tanini hulainika, rangi huelekea ya matofali, na harufu ya matunda hupisha harufu kama ya ngozi na udongo. Usipokuwa na tanini na asidi ya kutosha, unachoka mapema. Bordeaux ilikuwa imeonyesha kwa vizazi kwamba inaweza. California ilikuwa bado.

Basi watu wakangoja. Mei 24, 2006, mivinyo ile ile myekundu ikaonjwa siku moja London na Napa. Nafasi 5 za kwanza zote zikaenda California. Mouton ikawa ya 6.

Lakini cheki hii: aliyeongoza si Stag's Leap tena. Ni Ridge Monte Bello ya 1971, iliyokuwa namba 5 kule Paris. Kwa hivyo wakosoaji walikuwa na haki nusu. Ujana wa mvinyo hauonyeshi kila kitu. Walichokosea ni kudhani umri unasomwa kwenye lebo.

Mtu akikuambia "hamtadumu," hiyo ni sawa kabisa. Muulize tu kama atarudi siku ya kuonja, na kama atakubali majina yafichwe. Wengi hawarudi.