Filamu Fupi za Alain Resnais

Wengi tumelijua jina la Alain Resnais kwa filamu yake ndefu ya kwanza, Hiroshima mon amour, iliyotoka mwaka 1959. Lakini mtu yule hakuwa mwanagenzi hata kidogo, kwani alikuwa amekwisha kupitisha zaidi ya miaka kumi akitengeneza filamu fupi, aghalabu kwa kuagizwa na wengine, na katika kazi hizo za ujira ndimo alimojifunza kuuliza kitu kilichokwisha kufa hukumbukwa na nani, na ni nani anufaikaye kwa kusahauliwa kwake.

Alizaliwa Vannes, magharibi ya Ufaransa, mwaka 1922, na ufundi wa kuunganisha vipande vya filamu ndio aliousomea. Mwaka 1948 alitengeneza Van Gogh, akiyasimulia maisha ya mchoraji yule kwa michoro yake tu, pasipo sura hata moja ya mtu hai, tena kwa nyeusi na nyeupe, ilhali mchoraji mwenyewe alisifika kwa rangi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani.

Iliyo azizi kwangu, na itugusayo sisi Waafrika kuliko zote, ni Les statues meurent aussi, yaani “Sanamu Nazo Hufa”, aliyoitengeneza pamoja na Chris Marker na Ghislain Cloquet, ikakamilika mwaka 1953. Walioiagiza ni watu wa Présence Africaine, jarida lililoasisiwa na Alioune Diop wa Senegali mwaka 1947. Suala lao lilikuwa jepesi kulitamka: kwa nini sanamu za Wayunani na za Wamisri zimewekwa Louvre, penye sanaa, na za Waafrika zikapelekwa Musée de l'Homme, penye elimu ya makabila? Kamera ikavimulika vinyago gizani kwa taadhima, kimoja baada ya kingine. Kisha maneno yakaeleza kwamba aliyevitwaa vitu hivyo kwa watu waliovitumia katika ibada na maziko yao, akavifungia ndani ya vioo, aliviua, na ya kwamba soko la wageni limemgeuza fundi kuwa mtumwa wa matakwa yasiyo yake. Mwaka 1954 filamu ikapewa tuzo ya Jean Vigo. Hata hivyo wakaguzi wa serikali ya Ufaransa waliizuia, maana nusu yake ya mwisho iliushitaki ukoloni waziwazi, na zaidi ya miaka kumi ikapita kabla ya umma kuruhusiwa kuiona nzima. Nasema ilikuwa dhuluma, kwa Resnais na kwetu pia.

Wakaguzi hao walimrudia. Nuit et brouillard, ya dakika 32, aliitengeneza mwaka 1955 juu ya kambi za Wanazi, kwa maneno ya Jean Cayrol, mshairi aliyenusurika kifungo cha Mauthausen. Majani mabichi ya Auschwitz tunayaona kwa rangi, na maiti kwa nyeusi na nyeupe. Katika picha moja ilionekana kofia ya askari wa Kifaransa akilinda kambi ya Pithiviers, wakaamuru ifichwe, ikafichwa. Ujerumani Magharibi nayo ikalalamika, hata filamu ikaondolewa katika mashindano ya Cannes ya mwaka 1956.

Zikafuata nyingine, moja juu ya maktaba kuu ya Paris na moja juu ya kiwanda cha plastiki, iliyosimuliwa kwa beti za Raymond Queneau.

Ewe msomaji, ukibahatika kuipata “Sanamu Nazo Hufa”, itazame hadi mwisho, hasa ile nusu waliyoizuia.